Chuma kinapigwa, shaba inamiminwa

Vijana wengi wa kwetu Salamabila wanasema kama kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu ni akili iliyokuja na Wazungu. Hapana. Wabankambo waliijua kazi hiyo, ao walinunua vitu vyake, mbele Mzungu hajatia mguu Kabambare.

Tuanze na tofauti moja. Mufua chuma wa kijijini hakumimina chuma. Chuma kinaomba moto wa digri 1538 ili kigeuke maji, na tanuru ya udongo yenye mivukuto haifiki kule. Kwa hiyo alitoa bonge laini, akalipiga nyundo mpaka likawa jembe ao mkuki. Shaba ni mambo mengine: inayeyuka kwa digri 1085, na tanuru ile inaweza.

Shaba yenyewe ilitoka kusini, Katanga. Huko mafundi walioitwa "wala shaba" walitumika wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Walichimba majiwe ya kijani, wakayachoma kwa makala katika tanuru la udongo wa kichuguu, kisha wakayeyusha shaba mara ya pili ili isafike. Mwisho waliimimina katika alama iliyochimbwa katika mchanga ao udongo. Hii ndiyo njia ya kwanza: kalibu wazi, bila kifuniko. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuaji walikuta misalaba ya shaba iliyozidi kuwa midogo na kufanana karne kwa karne. Ilikuwa imegeuka feza.

Mali hiyo ilitembea. Mwaka 1868 Livingstone aliandika habari za mfanyabiashara Saidi bin Habibu, aliyesemwa kuwa na frasila 300 za shaba, karibu kilo 4 700. Vipande vingine vilikuwa na umbo la herufi I, kimoja kilo 23 mpaka 45. Mwaka uliofuata Livingstone mwenyewe alifika Kabambare, jina aliloliandika "Bambarre".

Njia ya pili tunaiona mpaka leo katika miji yetu: masufuria ya aluminiamu. Fundi anatwaa sufuria ya zamani kuwa mfano, anaizungusha mchanga mwororo wenye unyevu kidogo ndani ya sanduku mbili za mbao, anaushindilia. Anafungua, anatoa mfano, anafunga tena. Nafasi iliyobaki ndiyo sufuria mpya. Anaacha tundu la kumimina na tundu la hewa. Aluminiamu ya injini mbovu inayeyuka kwa digri 660 tu, makala na feni vinatosha. Lakini sherti mchanga usilowe sana: maji yakikutana na madini ya moto yanageuka mvuke mara moja, na madini yanamrukia fundi usoni.

Njia ya tatu ni ya nta, iliyosifiwa sana Ife na Benin, kule Nijeria. Sanamu inafanywa kwa nta, inapakwa udongo, inachomwa, nta inatoka, shaba inaingia pahali pake. Kalibu inavunjwa, haitumiki mara mbili.

Na dhahabu yetu? Inayeyuka kwa digri 1064, karibu sawa na shaba. Kila siku machimboni watu wanaiyeyusha, na kiwanda cha Banro kule Namoya kilifanya vile vile kwa vipimo vikubwa. Lakini mchimbaji anachoma kwanza zebaki, mara nyingi ndani ya nyumba, watoto wakiwa karibu. Moshi ule hauonekani vizuri, nao unaharibu ubongo na figo. Kisha kitone cha dhahabu kinauzwa na kuondoka. Hakiwi pete, hakiwi kitu cha ukoo.

Hapo ndipo tunaumia. Mwenye kumimina sufuria anaacha chombo jikoni kwa miaka. Siye wenye dhahabu tunaacha mashimo. Wabankambo hawakuwa na dhahabu mikononi, lakini waliyoyapata waliyatumikisha: bangili, mali ya ndoa, heshima ya marehemu.

Basi tunawaomba: kila mmoja amuendee mufua chuma mzee wa kwao, Mubangubangu, Mubuyu, Muzimba ao Mukusu, aandike majina ya vyombo vyake vyote katika lugha yao. Mzee akienda, jina la mvukuto linaenda naye.