Mjane Mlangoni kwa Kadhi

Sisi wa Doldol twajua faida ya kudai haki. Wafugaji waliojeruhiwa na mabomu yaliyoachwa malishoni na askari wa Uingereza waliwatuma mawakili, na mwaka 2002 serikali ile ikakubali kuwalipa fidia.

Lakini wako Wakenya wenzetu walioachwa nje. Tarehe 7 Agosti 1998 magaidi walilipua ubalozi wa Marekani, Nairobi. Watu 213 walikufa, wengi wao Wakenya. Mwaka 2011 mahakama ya Washington iliamua kwamba Sudan na Iran ziliwasaidia magaidi hao, na mwaka 2020 Sudan ikakubali kulipa. Hata hivyo, sheria ya Marekani iliwafungulia mlango raia wake, watumishi wa serikali yake na jamaa zao. Mpita njia aliyepofushwa na vioo hakuhesabiwa.

Yule mjane wa Luka 18 hakuchoka kumwendea kadhi, naye alikwenda peke yake. Je, ndugu, tumwache na jirani yetu abishe peke yake? Tumwombee, kisha tusimame naye mlangoni. Amina.