Kipete kinachobana injini: Waingereza walivyohangaika na madogo wa pikipiki

Wadau wa vyombo vya moto, leo historia kidogo. Kule Uingereza dogo mwenye leseni mpya anaweza kununua pikipiki yenye nguvu, ila fundi aibane injini kwanza ndio aingie nayo barabarani. Walifikaje huko? Twende taratibu.

Zamani hakukuwa na mambo mengi. Hadi 1971, kijana wa miaka 16 aliruhusiwa kuendesha pikipiki ya hadi cc 250, mtihani hajafanya, ana kibao cha L tu. Bodaboda zetu nyingi ni cc 125 au 150, kwa hiyo pata picha. Desemba mwaka huo serikali ikasema basi: miaka 16 mwisho cc 50, tena chombo kiwe na pedali kama baiskeli.

Viwanda vikaisoma sheria neno kwa neno. Imetaja cc na pedali, spidi haijataja. Yamaha wakaleta FS1-E. Cc 50 kweli, pedali zipo kweli, ila unazifunga zinabaki za kuwekea miguu tu, na chombo kinapita kilometa 70 kwa saa! Madogo wakapagawa. Mwaka 1977 serikali ikarudi na kikomo cha spidi kwa hivyo vidogo: maili 30 kwa saa, kama kilometa 48.

Wa miaka 17 kwenda juu wao walikuwa bado na cc 250 zao. Mwaka 1978 Suzuki wakatoa GT250 X7 wakaitangaza kwamba inafika maili 100 kwa saa, yaani kilometa 160. Na mtu wa L anaruhusiwa kuipanda! Ndio maana kuanzia 1983 anayejifunza akawekewa mwisho cc 125 na nguvu isizidi farasi 12. Sasa sheria ikawa inapima nguvu yenyewe, sio ukubwa wa injini peke yake.

Kazi ikahamia kwa mafundi, maana cc 125 za enzi zile, zile zinazounguza oili pamoja na petroli, nyingine zilikuwa na uwezo wa farasi 20 na ushee. Injini inabanwaje? Injini ni kama mtu anayekimbia, inahitaji hewa. Fundi anaweka kipete cha chuma chenye tundu dogo kati ya kabureta na injini, au anaubana mlango wa ekzosi. Ukienda polepole mjini husikii tofauti kubwa. Ukivuta mafuta mpaka mwisho ndio inakosa pumzi. Njia nyingine ni kuzuia akselereta isifunguke yote, na kwa pikipiki za siku hizi wanabadilisha programu ya kompyuta yake.

Mwaka 1997 likaja la farasi 33 kwa miaka 2 baada ya kufaulu mtihani. Hapo dogo aliweza kununua lidude la farasi 100, likabanwa, akawa halali. Januari 2013 sheria ya Ulaya ikaziba na hilo: leseni ya kati, kuanzia miaka 19, mwisho kilowati 35, kama farasi 47, na pikipiki isiwe imetoka kwenye chombo chenye zaidi ya mara mbili ya nguvu hiyo.

Kwa maoni yangu hiyo ya 2013 ndio ya maana kuliko zote. Kipete ni kitu cha kushika kwa vidole viwili. Fundi mmoja, spana, mchana mmoja, kimetoka, na ukiitazama pikipiki kwa nje huoni kitu. Pale pale leseni ya dogo haitoshi tena kwa chombo alichokalia, na akigonga mtu, bima inaanza kuuliza maswali. Kwa yule wa farasi 100, kutoa kipete kulimaanisha nguvu mara tatu kwa siku moja, mikono ni ile ile ya juzi. Ukiweka kikomo kwenye chombo chenyewe, angalau hata akikitoa hairuki mbali hivyo.

Vijana wa pale walilalamika kila mara sheria ilipobadilika, na mimi nawaelewa, nani hapendi mwendo? Ila kwenye kona yenye mchanga hakuna anayekuuliza cc ngapi. Wewe mdau ungemruhusu mdogo wako apande lipi?