Jukwaa Lililoshuka Kutoka Mlimani

Tangu sanaa za maonyesho zianze kufundishwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1967, wengi wamezoea kuipima idara ya fani hiyo kwa tamthilia ilizotuachia. Kipimo hicho kina haki yake. Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, Penina Muhando akafuata na Hatia mwaka 1972, na vizazi vya wanafunzi vikasoma kazi zao. Lakini mchango ulio mkubwa zaidi haukai kwenye rafu ya vitabu: idara ilimkabidhi mwananchi jukwaa. Ushahidi uko Malya, mkoani Mwanza. Kuanzia mwaka 1982 walimu wa Mlimani, Muhando akiwamo, walikwenda huko bila mchezo mkononi. Waliwauliza wanakijiji yanayowasumbua. Likaibuka suala la mimba za wasichana wa shule, na vijana wa hapohapo wakalitungia maigizo na ngoma za Kisukuma. Onyesho lilikuwa mwanzo tu, kwani baada yake watazamaji walijadili waliyoyaona.

Wapo wanaosema sanaa ya namna hii ni mahubiri ya miradi, na fedha za mfadhili zikiisha nayo inazimika. Hoja hiyo ina uzito. Vikundi vingi nchini vimekuwa vipaza sauti vya kampeni za watu wengine. Tofauti iko kwa anayechagua mada. Katika programu ya TUSEME, iliyoasisiwa na Muhando na Amandina Lihamba mwaka 1996, wasichana wa sekondari huchunguza wenyewe kinachowakwamisha kimasomo, hukitungia igizo, hukiigiza mbele ya walimu wao, kisha hudai hatua zichukuliwe. Mfadhili hawezi kuwaandikia hayo. Wengine huhofia kwamba kazi ya vijijini hudhoofisha usanii. Mbona Muhando huyohuyo, katika miaka ileile ya Malya, alitupa Lina Ubani, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1984 na kusukwa kwa ngano kiufundi kabisa?

Mwaka 2027 fani hii itatimiza miaka 60 Mlimani. Mahali pa kuadhimishia papo: Mbezi Luis iko kwenye Barabara ya Morogoro, si mbali na chuo, na tangu stendi ya mabasi ya Magufuli ifunguliwe mwaka 2021 mama lishe, bodaboda, wenyeji na wageni wanabanana hapo wakiwa na mengi ya kuambiana. Naiomba idara iadhimishe huko, kwenye uwanja wa shule ya msingi, mchana, bila kiingilio, na wakazi ndio wachague mada.