Mguu usiouma ndio wa kuogopewa: maradhi ya nyayo na vifundo, na jinsi yanavyotibiwa

Mguu mmoja wa mwanadamu, kuanzia kifundoni kwenda chini, una mifupa 26. Miguu miwili ni mifupa 52, yaani kama robo ya mifupa yote ya mwili. Hiyo ndiyo inayotubeba kutoka Kongowea hadi Feri, na ndiyo tusiyoijali mpaka ikatukatalia. Mwenye kuswali huiosha miguu mara tano kwa siku, lakini kuosha kwa haraka bombani si kuangalia. Muulize mtu wa miaka hamsini ni lini mara ya mwisho alipoutazama unyayo wake. Aghalabu atacheka.

Mimi si daktari, ila kwa miaka nimeona watu wakikosea katika jambo moja: wanapima ubaya wa ugonjwa wa mguu kwa maumivu. Kuna maradhi ya mguu yanayouma hadi mtu akatoa machozi, kisha yakaisha kwa mazoezi ya nyumbani. Na kuna yasiyouma kabisa, yakamfikisha mtu kwenye meza ya kukatwa mguu.

Katika nchi kama Uingereza na Marekani kuna mtaalamu aliyesomea miguu peke yake, aitwaye podiatristi. Hapa kwetu ni wachache mno. Kazi yake hugawanywa baina ya daktari wa mifupa, mtaalamu wa fiziotherapia, muuguzi wa kliniki ya sukari na fundi wa viatu na viungo bandia vya hospitali. Kwa hivyo ukiambiwa "hapa hakuna podiatristi", usirudi nyumbani. Uliza kati ya hao ni nani anayeangalia miguu siku hiyo.

Kisigino kinachouma alfajiri

Hili ndilo lalamiko la walimu, wauzaji dukani, askari wa lango na mama wanaosimama jikoni siku nzima. Ukiamka kwa swala ya alfajiri, hatua ya kwanza sakafuni ni kama umekanyaga msumari. Ukitembea kidogo maumivu yanapungua, kisha jioni yanarudi.

Chanzo chake ni utando mgumu ulio chini ya unyayo, unaounganisha kisigino na vidole na kushikilia upinde wa mguu. Ukivutwa kupita kiasi kila siku, huchoka pale unaposhikana na kisigino. Uzito mkubwa, kusimama muda mrefu na champali bapa zilizokwisha chini huzidisha. Wengi hupigwa picha ya eksirei wakaonyeshwa mfupa uliochomoza kama mwiba, wakaamini huo ndio unaowachoma. Ukweli ni kwamba watu wengi wana mwiba huo na hawaumwi kabisa.

Tiba yake ni ya subira. Mtaalamu hukufundisha kunyoosha msuli wa nyuma ya mguu kwa kusimama na kuusukuma ukuta, na kuvuta vidole vyako nyuma kabla hujashuka kitandani. Huambiwa pia ubingirishe chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo, uvae kiatu chenye kisigino kilichoinuka kidogo na chenye kukamata mguu, hata ndani ya nyumba. Sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe ipo, lakini ikirudiwarudiwa inaweza kuudhoofisha utando wenyewe. Zaidi ya watu wanane kati ya kumi hupona bila upasuaji, ingawa huchukua miezi, na wengine hadi mwaka. Anayekwambia utapona kwa siku tatu anataka pesa zako.

Kuteguka kifundo

Kwa vijana wa mpira, na kwa yeyote anayetembea kwenye mitaa yetu yenye mashimo, mguu hupinduka ndani na kano za upande wa nje zikanyofoka kidogo. Kifundo kinavimba, kinageuka rangi.

Mara nyingi mtu wa kwanza kuitwa ni mchuaji. Wapo wachuaji wenye mikono ya baraka, sikatai, lakini siku za mwanzo kuchua kwa nguvu huongeza damu na uvimbe ndani, na kama mfupa umevunjika kunaweza kuusogeza. Jipime kwanza. Kama huwezi kupiga hatua nne kwa mguu huo, au ukibonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya mfupa wa kifundo unaruka kwa uchungu, nenda ukapigwe eksirei. Kama waweza kutembea na mfupa hauumi ukibonyezwa, aghalabu ni kano tu: barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa chache, bandeji, na kuuinua mguu. Baada ya siku mbili tatu anza kuuchezesha taratibu.

Linalosahaulika ni mazoezi ya baadaye. Kifundo kilichoteguka hupoteza hisia ya kujua kimekaa vipi, ndiyo sababu kijana huyo huyo huteguka tena mwezi ujao. Zoezi ni rahisi: simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, kisha ukizoea, fumba macho karibu na ukuta.

Na ukisikia "paa" nyuma ya kisigino kama mtu aliyekupiga teke, ukageuka usimwone mtu, huko si kuteguka. Kano kubwa ya nyuma imekatika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kucha, magaga na sugu

Ukucha wa gumba unaoingia ndani ya nyama huletwa zaidi na kuukata kwa mviringo na kuchimba pembe, pamoja na viatu vya kubana. Kata moja kwa moja, usichimbe. Ukishatoa usaha, daktari huganzisha kidole kwa sindano, huondoa ule ukingo tu unaodunga, kisha hupaka dawa iitwayo fenoli kwenye mzizi ili ukingo huo usiote tena. Si lazima ukucha mzima ung'olewe, kwani ukiota tena huweza kurudia ubaya wake.

Fangasi baina ya vidole hupenda maji, nasi tunatia udhu kisha tunavaa soksi na mguu bado maji. Kausha baina ya vidole kwa kitambaa. Krimu ya terbinafini kwa wiki moja au mbili hutosha kwa ngozi. Fangasi walioingia kwenye ukucha ni jambo jingine: vidonge vyake humezwa kama wiki 12 na ini hupaswa kupimwa, kwa hivyo visinunuliwe dukani kienyeji.

Magaga yanapaka mafuta, yasikatwe wembe. Loweka mguu, sugua kwa jiwe taratibu, paka krimu yenye yurea, vaa soksi ulale. Ufa mwembamba wa kisigino ni mlango wa vijidudu. Sugu nazo hutokana na msuguano, na kama kiatu ni kile kile zitarudi hata zikwanguliwe mara mia. Mabibi wenye viatu vya mchuchumio wanajua ninachosema.

Kuhusu funza, ambao bado wanawatesa watoto na wazee vijijini Kwale na Kilifi, nitasema moja tu: pini moja kupita miguu ya nyumba nzima huweza kuhamisha maradhi ya damu na pepopunda. Yako mafuta ya dimetikoni yanayowaziba funza pumzi bila kudunga.

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zimepinda kwa ndani, kinachoitwa mguu kifundo, hana kosa wala mamake hana kosa. Njia iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti ni plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, mara nyingi na mkato mdogo wa kano ya kisigino. Baada yake mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku hadi afike miaka minne au mitano. Wazazi wengi huacha viatu hivyo mguu ukishanyooka, na hapo ndipo unapopinda tena.

Mguu wa mwenye sukari

Sasa tufike kwenye lile lililonifanya nikae niandike.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu zaidi, inayofika vidoleni. Kwanza mtu huhisi kuchomachoma usiku, kisha ganzi, kisha kama anatembea juu ya pamba. Baadaye hahisi kitu. Akaona amepona! Wakati huo huo mishipa ya damu inaziba polepole, kwa hivyo kidonda kikitokea, damu ya kukiponya haifiki vizuri.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinunua makubadhi mapya, yakamchubua karibu na kidole kidogo. Hakuumwa. Alipaka asali, akatia majani aliyopewa na jirani, akaendelea kwenda msikitini na sokoni kama kawaida. Wiki tatu baadaye harufu ndiyo iliyowashtua watu wa nyumbani. Wakubwa wetu waliita donda ndugu, na wengine wakatafuta aliyemroga. Madaktari walilazimika kukata chini ya goti.

Tiba ya kidonda kama kile, kikiwahiwa, inajulikana. Mtaalamu hukata nyama iliyokufa kwa kisu maalumu, hupima kama kuna vijidudu ndani, na hutoa dawa za kuua vijidudu pale tu vilipo. Huhakikisha damu inafika, na mishipa ikiwa imeziba mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa mishipa ya damu. Lakini nguzo ya tiba ni kuuondoa uzito juu ya kidonda, kwa plasta au kiatu maalumu. Mwenye hisia akiwa na kidonda chini ya unyayo huchechemea, na kule kuchechemea ndiko kunakomponya. Asiye na hisia hukitonesha kwa kila hatua. Hapo asali, hata iwe ya nyuki wa wapi, haiwezi kitu mradi unakikanyaga.

Kikipona, kazi haijaisha. Kati ya watu 100 waliopona kidonda cha aina hii, 40 hivi hupata kingine ndani ya mwaka mmoja.

Kuna hali nyingine inayowapita hata baadhi ya matabibu. Mguu wa mwenye sukari unavimba, unakuwa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hauna kidonda na hauumi sana. Watu husema ni matende, au jongo. Huenda ni mifupa inayosagika ndani kwa sababu haina hisia, na eksirei ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Mguu huo hutiwa plasta na haukanyagiwi, pengine kwa miezi. Ukikanyagiwa, upinde wa unyayo huporomoka na hautengenezeki kirahisi.

Nyumbani, mwenye sukari aangalie nyayo zake kila usiku kwa kioo, au amwombe mwanawe amwangalizie. Apime maji kwa kiwiko cha mkono kabla ya kutia mguu. Akung'ute kiatu kabla ya kuvaa, maana kijiwe kidogo hatakihisi. Asitumie dawa za kuyeyusha sugu zinazouzwa madukani, kwani zina asidi inayokula ngozi nzima. Kama mguu umefungwa bandeji, sheria yetu ina nafasi ya kupangusa juu yake badala ya kuosha. Muulize shekhe wako namna yake, usifungue kidonda kukilowesha kila swala.

Anayekwenda Umra au Hija ajiandae mapema. Mwanamume katika ihramu havai soksi wala viatu vya kufunika vifundo, na sakafu na lami ya jua la Makka humchoma asiyehisi mpaka malengelenge yakapasuka bila yeye kujua. Nunua ndara laini miezi kabla, uzizoee hapa nyumbani, na ukifika zitie mfukoni badala ya kuziacha mlangoni.

Kliniki nyingi hupima sukari na presha, mgonjwa akapewa dawa na kuondoka na soksi zake miguuni. Kipimo cha mguu ni rahisi mno. Unafumba macho, muuguzi anakugusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10, nawe unasema umehisi wapi. Kisha anatafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Presha ya kifundo ikilinganishwa na ya mkono ikawa chini ya 0.9, mishipa imebana. Mwenye hisia na mapigo mazuri hurudia kila mwaka. Aliyepoteza hisia, kila miezi sita hadi 12, na mapema zaidi kama mapigo nayo ni dhaifu au vidole vimepinda. Aliyewahi kupata kidonda au kukatwa, kila mwezi hadi mitatu. Basi siku ya kliniki vua viatu na soksi ukiwa bado kwenye benchi, ingia navyo mkononi, na uvae siku hiyo vile viatu unavyovivaa kila siku, si vile vya Idi, ili muuguzi aangalie na ndani yake.