Insafu ya Injini: Bei, Katazo na Ushindani katika Formula One

Watungao sheria za mashindano ya magari aghalabu hudhani kwamba gharama hupungua pale mhandisi anapokatazwa kuunda, na kwamba magari yatakaribiana mwendo ikiwa kila kiwanda kitalazimishwa kubaki na injini kiliyo nayo. Dhana hiyo ina sura ya insafu, lakini taarikhi ya Formula One haiiungi mkono. Lililomnusuru mnyonge humo ni bei na haki ya kununua, wala si kufungwa kwa akili ya tajiri.

Kwa fedha za Ford, pauni 100,000 zilizogharimia pia injini ndogo ya silinda nne, Keith Duckworth wa Cosworth alisanifu injini ya DFV, yenye silinda nane na ujazo wa lita tatu, na tarehe 4 Juni 1967, Zandvoort nchini Uholanzi, Jim Clark, dereva wa timu ya Lotus, akashinda nayo siku ileile ilipotokea uwanjani. Walter Hayes wa Ford, alipoona kuwa Lotus wakiendelea kuimiliki peke yao mashindano yatakosa ladha, alimwomba Colin Chapman, mkuu wa Lotus, aridhie wengine wauziwe, na tangu 1968 timu zisizo na kiwanda chochote ziliipata kwa pauni 7,500 hivi. Ikashinda mara 155, ya mwisho ikiwa Detroit mwaka 1983. Hapana aliyemkataza Ferrari kuboresha injini yake katika muda huo. Aliiboresha, akatwaa ubingwa wa 1975, 1977 na 1979, na bado wanunuzi wa DFV hawakufukarika.

Katazo lina mkasa mwingine. Mwaka 1988 injini za tabo zilipunguziwa msukumo wa hewa hadi bari 2.5 na petroli hadi lita 150, ili zile zisizo na tabo zipate nafasi. McLaren na Honda, wenye injini ya tabo, wakashinda mashindano 15 kati ya 16.

Mfano ulio wazi zaidi ulianza 2014, zilipoletwa injini za lita 1.6 zenye kuvuna umeme katika breki na katika moshi. Kila sehemu ya injini ilithaminiwa kwa tokeni, na kwa mwaka 2015 kiwanda kiliruhusiwa kutumia tokeni 32 tu kubadilisha sehemu hizo. Mercedes, walioshinda mara 16 kati ya 19 mwaka wa kwanza, walilindwa na kanuni iliyodaiwa kuwalinda wanyonge, ilhali Marussia na Caterham walikuwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi kabla msimu huo haujesha. Honda walipoingia 2015 na McLaren, kompresa yao ilikuwa imebanwa baina ya safu mbili za silinda, ndogo kuliko ilivyohitajiwa, hata gari likawa likiishiwa umeme katikati ya njia iliyonyoka, na Fernando Alonso na Jenson Button, mabingwa wa dunia wote wawili, wakipitwa kama wanagenzi. Kuitoa mle kulitaka kuisanifu injini upya, jambo lililokuwa muhali chini ya tokeni.

Makubaliano ya 2016 yaliziondoa tokeni, yakapunguza bei kwa wanunuzi kwa yuro milioni moja mwaka 2017 na milioni tatu zaidi mwaka uliofuata, na yakahakikisha kwamba hapana timu itakayokosa muuzaji. Honda wakaisanifu injini upya, wakashinda Austria mwaka 2019 wakiwa na Red Bull, na mwaka 2021 Max Verstappen akawa bingwa kwa injini yao.

Atasema mpinzani kwamba bei nafuu haimzuii tajiri kufuja mali kiwandani mwake. Kweli, na dawa yake ni kikomo cha matumizi, kama kile cha dola milioni 95 kwa mwaka kilichowekwa juu ya watengenezaji wa injini mwaka 2023, kwani kikomo humwachia mhandisi hiari ya kuchagua atakachokitengeneza. Lakini juu ya kikomo hicho injini zilikuwa zimekwisha gandishwa tangu 2022 hadi 2025. Renault, waliobaki nyuma kwa nguvu, waliomba mwaka 2023 wasawazishwe, wasikubaliwe. Na ijapokuwa hiyo haikuwa sababu pekee, mwaka 2024 walitangaza kuacha kutengeneza injini za mashindano hayo, na tangu 2026 magari yao ya Alpine hununua za Mercedes.