Mahindi na Nafasi Yake: Habari za Upandaji Tangu Zamani

Somo letu la leo lahusu jambo linalomtia mkulima uchungu, nalo ni kung'oa mche mzima, wenye afya, alioupanda kwa mkono wake mwenyewe. Mtu aliyeonja njaa hupenda kuacha kila kilichoota. Je, akiambiwa apunguze miche, anafaidiwa au anapunjwa? Tuitazame historia, maana ndiyo itakayotujibu.

Ingawa jina la mahindi latukumbusha Bara Hindi, asili yake si huko, bali Meksiko. Wenyeji wa huko walitia punje kadhaa katika shimo moja, na mashimo waliyaachanisha sana. Hawakufanya hivyo kwa ujinga: katikati ya mashimo walipanda maharagwe na maboga, na maharagwe yakapanda juu ya mabua. Baada ya mwaka 1492 meli za Wazungu zilieneza mbegu hiyo duniani, nayo ikafika pwani yetu, kisha bara.

Wazee wetu nao walitia punje tatu, nne, hata tano shimoni. Walikuwa na sababu: panya huchimbua, ndege hung'oa, na mbegu nyingine hazioti. Lakini mwaka ambao zote ziliota, wengi waliziacha zote, zikashindana.

Sasa twende Kitale, katika nchi ya Kenya. Huko, mwaka 1955, mtaalamu M. N. Harrison alianza kazi ya kutafuta mbegu bora. Mwaka 1961 ilitolewa mbegu iitwayo Kitale Synthetic II, na mwaka 1964 ikatolewa chotara ya 611, ambayo mzazi wake mmoja alitoka Ekuado, Amerika ya Kusini. Wakulima wengi waliishangilia mbegu hiyo, wakadhani kazi imekwisha.

Katikati ya miaka ya 1960 mtaalamu mwingine, A. Y. Allan, alipima jambo hilo. Katika viwanja vingine alipanda mbegu chotara na kutia mbolea, lakini akapanda kwa kuchelewa, miche ikawa michache mno, na palizi ikawa haba. Katika viwanja vingine alipanda mbegu ya kienyeji bila mbolea yoyote, lakini kwa wakati, kwa idadi inayofaa, na kwa palizi nzuri. Ndugu zangu, mbegu ya kienyeji iliyotunzwa ilishinda chotara iliyopuuzwa! Palipounganishwa mbegu bora, mbolea na matunzo, ndipo mavuno yalipozidi yote.

Kwa nini idadi ya miche ina nguvu hivyo? Mahindi yakisongamana hugombea mwanga, maji na chakula cha udongo. Mabua hurefuka, huwa membamba, na upepo huyaangusha. Tena ndevu za hindi huchelewa kutoka, na zinapotoka, mbelewele iliyo kileleni imekwisha mwaga vumbi lake. Hapo mkulima huvuna gunzi lenye punje chache, au bua lisilozaa kabisa.

Lakini msidhani kupanda mbalimbali sana ndiyo dawa. Mahindi yaliyo mbalimbali huzaa makubwa, na macho hufurahi. Lakini tusihesabu ukubwa wa hindi moja, tuhesabu magunia ya shamba zima. Nafasi tupu hulisha magugu.

Penye mvua ya kutosha, kipimo kinachotumika sana ni sentimeta 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mmea mmoja kila shimo. Hiyo ni mimea 44,000 na zaidi kwa hekta, au karibu 18,000 kwa ekari. Penye mvua haba huachwa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa maji ni machache.

Kipimo hiki si amri ya milele. Huko Meksiko wataalamu walichukua mahindi marefu ya nchi za joto yaitwayo Tuxpeño, wakachagua mafupi vizazi 15. Kimo kikapungua zaidi ya theluthi moja, mabua yakaacha kuanguka ovyo, na shamba likaweza kubeba mimea mingi zaidi na kutoa mavuno mengi zaidi. Basi mbegu na nafasi ni ndugu: ukibadili mmoja, mwulize na mwenziwe.

Kwa hiyo tia punje mbili kama wazee, kwa hofu ya panya na ndege. Lakini miche ikisimama imara, ardhi ingali na unyevu, ng'oa ule dhaifu. Humpunji mtu, unaupa nafasi ule utakaokulisha.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Wazee walikuwa na sababu gani ya kutia punje nyingi shimoni?
2. Majaribio ya Allan yatufundisha nini juu ya mbegu ya kununua?
3. Pimeni shamba moja la jirani kwa kamba. Lina mimea mingapi katika hatua kumi za mstari?

Kwaherini, hadi somo lijalo.