Somo la Historia: Kuitafuta Maada ya Giza

Fungueni ukurasa wa leo, tusome pamoja polepole.

Funga jiwe kwa kamba, ulizungushe. Kamba ikiwa imara, jiwe litazunguka. Kamba ikikatika, litaruka mbali. Nyota nazo huzunguka, na kamba yao ni nguvu ya uvutano, itokayo katika uzito wa vitu.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi Marekani, alipima mwendo wa galaksi katika kundi liitwalo Coma. Galaksi ni jamii kubwa ya nyota. Aliona zaenda mbio mno. Uzito wa nyota zionekanazo haukutosha kuzizuia zisitawanyike. Akasema, basi, iko maada ya giza, isiyotoa nuru. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima galaksi ya Andromeda, wakaona sehemu za pembeni zaenda mbio karibu sawa na za ndani. Kamba gani yazishika?

Katika miaka ya 1970 wataalamu walitunga nadharia ya supasimetria. Yasema kila aina ya chembe ndogo ina mwenzake, mzito zaidi, asiyeonekana bado. Mwaka 1983 Haim Goldberg alieleza kwamba chembe nyepesi kuliko wenzi wote hao yaweza kuwa ndiyo maada ya giza. Haitoi nuru, wala haina chembe nyepesi zaidi ya kugeukia. Kwa hiyo hudumu. Chembe ya namna hiyo huitwa nyutralino.

Watu wakaitafuta. Karibu na Geneva, chini ya ardhi, waligonganisha chembe katika njia ya duara ya kilomita 27. Mwaka 2012 walipata chembe ya Higgs, nyutralino hawakuipata. Huko South Dakota, Marekani, ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu, waliweka tangi la tani 10 za zenoni ya majimaji, wakingoja igongwe na chembe ya maada ya giza. Mwaka 2024 walitangaza kwamba hawajaona kitu.

Je, kazi imepotea bure? La. Wamejua mahali ambapo haimo. Uzito umepimwa, nao ungalipo. Nyutralino ni dhana tu. Ndugu mwanafunzi, nawe usikiapo habari yoyote, tenga mambo mawili: lililopimwa na linalodhaniwa.

Swali la darasani: Zwicky alipima nini, na alidhani nini?